Bakuli nyeusi za chai za Wachina: anza na kitako

Nyie mnaoanza kujifunza hizi bakuli za chai za enzi ya Song (960 hadi 1279), geuzeni bakuli muangalie kitako kwanza, urembo baadaye. Najua urembo ndo unavuta macho, ila ndo huohuo watengeneza feki wanaoujua vizuri.

Bakuli za Jian zilichomwa Jianyang, mkoa wa Fujian, na udongo wa kule umejaa chuma, kwa hiyo pale chini pasipopakwa gilezi (ule mpako unaogeuka kama kioo tanurini) utakuta rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi kabisa, na bakuli lina uzito wake. Gilezi ni nene, kwenye moto inateremka inajikusanya juu ya kitako kama uji uliochuruzika ukagandia njiani, huku mdomoni imebaki nyembamba. Ukikuta udongo mweupe mweupe hivi basi huenda ni bakuli la Jizhou, mkoa wa Jiangxi, na huko mambo ni mengine: walibandika jani halisi la mti likaungua tanurini ikabaki mishipa yake tu (mimi haya ndo nayapenda kuliko yote, semeni mtakavyo), au walibandika karatasi zilizokatwa maumbo ya maua na ndege.

Sasa yale manyoya ya sungura ya Jian, yaani ile mistari myembamba kwenye gilezi, hakuna aliyeyachora jamani. Joto linakaribia nyuzi 1300, mapovu yanapanda na chuma mpaka juu ya gilezi, yakiishia hapo unapata madoa kama ya mafuta, gilezi ikiteleza madoa yanavutika yanakuwa mistari. Kwa hiyo mistari iliyolingana sana, tia shaka.

Kwa nini nyeusi? Chai enzi hizo ilikuwa unga, inapekechwa mpaka povu jeupe, na povu jeupe linaonekana vizuri kwenye cheusi, hata mfalme Huizong kaliandika hilo mwaka 1107. Mwaka 1391 mfalme Hongwu akakataza kupelekewa chai ya mabonge (ile iliyosagwa kuwa unga) kama ushuru, watu wakahamia majani makavu, bakuli nyeusi zikakosa kazi.

Halafu kuna zenye maandishi chini yanayosema ni za ikulu, hizo zinauzwa ghali mno. Maandishi yale yaliwekwa udongo ukiwa bado mbichi, kwa hiyo chukua lenzi uangalie kingo za herufi, zikiwa kali na zimemeguka meguka ujue mtu kachonga juzi.