Wadai wamefika, arubaini haijaisha

SWALI: Kaka yetu amefariki hapa Arua, Uganda, bila wosia. Ameacha karakana ya kuchomelea vyuma, pikipiki, na kiwanja kilichowekwa dhamana ya mkopo wa SACCO. Fundi wake anadai mshahara wa miezi 2, muuza vyuma ana daftari lake, na rafiki yake anadai alimkopesha milioni 3 kwa mdomo. Huyo rafiki ameshaondoka na pikipiki. Tumlipe nani kwanza?
Dada wa marehemu

JIBU: Pole kwa msiba, dada. Kwanza pikipiki irudi. Mdai hajichukulii mali ya marehemu, na hata ninyi ndugu msiuze hata nondo moja kabla mahakama haijatoa barua za usimamizi, yaani hati inayompa mtu mamlaka ya kusimamia mirathi. Kuingilia mirathi ni kosa la jinai. Tafuteni cheti cha kifo NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili) na barua ya mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji au mtaa), andikeni muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha mwende kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ofisa wa serikali wa mirathi, kuomba hati ya kutokuwa na pingamizi, ya kuombea barua hizo mahakamani.

Msimamizi akishapatikana, atangaze gazetini wadai walete madai kwa maandishi. Lile tangazo la kuwaita wadai makaburini ni ungwana tu, halimkingi msimamizi endapo mdai mpya atajitokeza mali imeshagawanywa.

Zinazotangulia ni gharama za mazishi, kwa kiasi (ng'ombe wa kujionyesha hawamo), pamoja na matibabu ya mwisho. Zifuate gharama za kupata barua za usimamizi, halafu ujira wa kibarua, fundi au mtumishi wa nyumbani kwa miezi 3 ya mwisho. Fundi wenu yumo humo. Waliobaki hawapishani: zikibaki milioni 6 na madeni ni milioni 9, kila mmoja apate theluthi mbili ya deni lake, hata msimamizi mwenyewe kama anadai. Hapa ndipo wengi huharibu, wanamlipa mwenye kelele mpaka senti ya mwisho, wengine wanakosa.

SACCO inashikilia kiwanja kwa dhamana yake, lakini ulizeni kama mkopo ulikatiwa bima ya maisha. Rafiki alete mashahidi au rekodi ya pesa za simu. Daftari la vyuma lilinganishwe na stakabadhi za karakana.

Mali isipotosha, ndugu na mjane hawadaiwi mifukoni mwao, ila aliyeweka sahihi ya udhamini. Warithi wasubiri madeni yaishe. Orodha ya mali ifike mahakamani ndani ya miezi 6 tangu barua zitolewe, na hesabu ndani ya mwaka 1.