Samaki mgonjwa na tangi la karantini: maswali kutoka Kigoma na Tabora

Maswali ya safari hii karibu yote yanafanana: samaki wa mapambo katengwa, katiwa dawa, na bado hali inazidi kuwa mbaya. Nimeyafupisha na kuacha majina ya walioyaleta.

Nilimtoa samaki mgonjwa kwenye tangi kubwa nikamweka kwenye ndoo peke yake. Kesho yake alikuwa anahema juujuu, matamvua yamekuwa mekundu, na jioni akafa. Ni ugonjwa gani unaua haraka hivyo? (Tabora mjini)

Pole sana. Kwa dalili hizo nashuku maji kuliko ugonjwa. Samaki hutoa amonia muda wote kupitia matamvua. Kwenye tangi lililokaa miezi, bakteria waliojijenga kwenye chujio na changarawe huibadilisha amonia hiyo isiwe sumu. Ndoo mpya haina bakteria hao, kwa hiyo mgonjwa anakaa ndani ya uchafu wake.

Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu maji yao yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hivi. Kwenye pH ya 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH ya 9 inakaribia theluthi nzima. Samaki ni yuleyule na chakula ni kilekile, ila sumu imezidi zaidi ya mara 50.

Jiandae kabla hujapata mgonjwa. Weka sponji ya chujio ya ziada ndani ya tangi kubwa, ikae humo wiki kadhaa ishike bakteria hao. Siku ukihitaji karantini, ihamishe ikiwa imelowa vilevile, uiunganishe na pampu ya hewa. Usiisuuze kwa maji ya bomba, klorini itaua bakteria wote. Ikishatumika karantini, isirudi tangi kubwa.

Kama sponji huna, badilisha robo hadi nusu ya maji kila siku, na siku 2 za mwanzo usimlishe kabisa. Samaki mzima hafi kwa njaa ya siku 2. Maji ya kubadilishia yalaze usiku kucha kwenye beseni pana huku pampu ikitoa mapovu, klorini itoke. Kwa nyie wa Tabora kuna la ziada: maji yanayotoka Ziwa Victoria ni laini (yana madini machache) kuliko ya Tanganyika, basi yaongezee bikaboneti ya soda kidogo kidogo, upime pH, ilingane na ya tangi alikotoka mgonjwa. Magadi ya kulainishia maharage si kitu kilekile. Yanapandisha pH kwa kishindo, yaacheni jikoni.

Karantini lazima iwe tangi la kioo? (Ujiji)

Hapana. Diaba la plastiki la lita 40 au zaidi linatosha, mradi halijawahi kuwekwa sabuni wala rangi. Usiweke mchanga. Weka kipande cha bomba la plastiki ajifiche, na funika juu kwa wavu, maana samaki mwenye hofu huruka.

Nina duboisi (samaki wa mawe wa Ziwa Tanganyika) wadogo, weusi, wamejaa vidoa vyeupe mwili mzima. Nimewatia chumvi na dawa lakini vidoa havitoki. (Mwanga, Kigoma)

Na havitatoka kwa dawa! Duboisi mdogo ndivyo alivyo, mweusi mwenye vidoa vyeupe. Akikua, kichwa kinakuwa cha buluu, vidoa vinapotea na mkanda mweupe au wa njano unatokea ubavuni. Warudishe kwenye tangi lao. Na kabla hujaniuliza: nundu kwenye paji la frontosa mkubwa, samaki mwingine wa ziwa hilo, nayo si jipu.

Vidoa vya ugonjwa hukaa vingine. Vinavimba kama chembe za chumvi, viko hata kwenye mapezi, idadi inabadilika siku hadi siku, na samaki anajisugua kwenye mawe.

Mimi vyangu ni vidoa vya ugonjwa kweli. Nilitia dawa, siku ya tatu vikaisha, wiki iliyofuata vikarudi vingi zaidi. Dawa ni feki? (Gungu)

Inawezekana dawa ni nzima, ila uliiacha mapema. Kidoa unachokiona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, na huko dawa haikifikii. Kikishiba kinaanguka chini, kinajigawa, kisha vinatoka vitoto vingi vinavyoogelea kutafuta samaki. Dawa inaua hao waogeleaji tu. Vidoa kuisha siku ya tatu maana yake ni kwamba vimeanguka, na vinazaana sakafuni.

Pandisha joto polepole hadi nyuzi 28 au 29 ili mzunguko huo uende haraka, ongeza hewa kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na endelea na matibabu wiki nzima baada ya kidoa cha mwisho. Ukitumia chumvi, gramu 2 kwa lita zinatosha: diaba la lita 40 ni gramu 80. Iyeyushe pembeni, itie kwa awamu ndani ya siku moja. Chumvi haifuki na maji, kwa hiyo ukijazia yaliyokauka usiongeze. Ukitoa lita 10 na kuweka mpya, hapo ndipo unaongeza gramu 20.

Na kumtenga mmoja hakusaidii hapa. Mwenye vidoa akiwa mmoja, waogeleaji wamo tangi zima. Tibu wote.

Duboisi wangu mkubwa amevimba tumbo, hali chakula, anatoa kinyesi cheupe kirefu kama uzi. Huwa nawapa unga wa dagaa. (Katonga)

Hapo kwenye dagaa ndipo penye kesi. Samaki huyu hukwangua utando wa kijani kwenye mawe, utumbo wake ni mrefu, na chakula cha nyama nyama humletea balaa. Sitisha dagaa leo. Mtenge, na dawa inayotumika sana ni metronidazo, miligramu 250 kwa lita 40, mara 3 kwa kuruka siku moja moja, ukibadilisha robo ya maji kabla ya kila dozi. Toa mkaa kwenye chujio, vinginevyo mkaa huo utainyonya dawa. Zungumza kwanza na daktari wa mifugo, na samaki aliyepewa dawa hii asiingie chunguni. Akianza kula, mpe mchicha uliochemshwa. Ila akiwa amekaa wiki bila kula na magamba yamesimama, matumaini ni madogo, sitakudanganya.

Vidonge vya tetrasaiklini vilivyobaki nyumbani vinafaa? (Kibirizi)

Havifai. Dawa hiyo hunaswa na kalsiamu na magnesiamu, na maji ya Tanganyika yana madini hayo kwa wingi. Utaishia na maji ya kahawia na samaki mgonjwa vilevile.

Kama ameshindikana, si nimrudishe tu ziwani alikotoka? (Kibirizi)

Usithubutu. Utawapelekea wenzake vimelea vya dukani.

Amepona. Arudi lini? (Mwanga)

Subiri wiki 2 bila dawa na bila dalili. Kwa duboisi na jamaa zake kuna shida nyingine: kundi humpiga aliyeondoka kana kwamba ni mgeni. Panga mawe upya ili kila mmoja apoteze eneo lake, kisha mwingize usiku taa zikiwa zimezimwa. Asubuhi mwangalie. Akiwa amejibanza kona ya juu na mapezi yamechanika, mtoe tena siku hiyohiyo.