Peltia au hitisinki? Hesabu ya joto kwa kompyuta iliyoko Tanga

Kuna kigae cheupe cha mraba chenye waya mbili, nyekundu na nyeusi. Ukikipa volti 12, upande mmoja unakuwa barafu na wa pili unaunguza kidole. Hiyo ndiyo peltia. Kila msimu wa kaskazi unapoingia na vyumba vya Ngamiani hapa Tanga kugeuka tanuri, swali linarudi: kwa nini nisiibandike juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaotoa joto, nikaachana na feni zinazopiga kelele? Jibu fupi ni usiibandike. Jibu refu lina hesabu kidogo, wala si ngumu.

Peltia haimalizi joto, inalihamisha tu. Mfaransa Jean Peltier aligundua mwaka 1834 kwamba umeme ukipita kwenye maungio ya metali mbili tofauti, ungio moja hupoa na jingine hupata moto. Kigae cha leo kina vijipande vya bismathi teluraidi badala ya metali hizo. Kinachouzwa zaidi kimeandikwa TEC1-12706: 127 ni idadi ya jozi za vijipande, 06 ni ampea 6, na ukubwa wake ni milimita 40 kwa 40. Muuzaji atakwambia kinahamisha wati 50 na ushee, na kinatoa tofauti ya nyuzi 60 na kitu baina ya pande zake. Yote mawili ni kweli, lakini hayatokei kwa pamoja. Wati 50 unazipata pande zote mbili zikiwa na joto sawa, yaani hakuna baridi yoyote. Nyuzi 60 unazipata kigae kikiwa hakina joto lolote la kuhamisha. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani hutoa joto la wati 65, kwa hiyo 12706 moja imeshindwa kabla hujaunganisha waya.

Basi tuchukue kubwa zaidi, 12715, tukiipa mzigo wa wati 65. Ili ihamishe joto hilo na kuweka tofauti ya nyuzi 26, yenyewe itakula wati 100 hivi. Wati hizo nazo ni joto, na zote zinatokea upande wa moto. Hitisinki, lile pande la metali lenye mapezi linalotoa joto hewani, ilikuwa ibebe wati 65; sasa inabeba 165. Ndiyo, hitisinki bado unaihitaji, tena kubwa kuliko ya mwanzo.

Sasa weka namba. Hitisinki nzuri ya mnara, yenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120, hupanda karibu robo nyuzi kwa kila wati. Mchana wa Februari hewa ndani ya kasha iko nyuzi 36. Bila peltia: wati 65 mara 0.25 ni nyuzi 16, kitako cha hitisinki kinakaa kwenye 52. Ukiweka peltia: wati 165 mara 0.25 ni nyuzi 41, upande wa moto unafika 77. Toa zile nyuzi 26 ulizozinunua kwa umeme, unabaki na 51. Umehangaika kote huko kwa ajili ya nyuzi moja, na hapo bado hatujahesabu kwamba hewa ya ndani ya kasha nayo imeongezeka moto.

Umeme wenyewe: wati 100 kwa saa 8 kila siku ni yuniti 24 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye tarifu ya umeme ya watumiaji wadogo, isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, karibu theluthi imeliwa na kigae.

Tatizo kubwa zaidi kwa mtu wa pwani ni maji. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, hali ya kawaida kabisa huku, kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 kinatunga umande. Tazama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyolowa mezani. Ndivyo prosesa itakavyolowa. Na linalowashangaza wengi ni kwamba haitokei ukiwa unacheza gemu. Hutokea kompyuta ikiwa imetulia, prosesa inatoa wati 10 tu huku peltia ikivuta kwa nguvu zilezile. Joto linashuka, matone yanajikusanya pembeni mwa soketi inayoshika prosesa na nyuma ya mazabodi usikoona. Ukiongeza chumvi ya hewa ya bahari, matone hayo yanapitisha umeme vizuri na kula shaba taratibu. Wanaojenga mitambo hii huzungushia soketi sponji isiyopitisha hewa na kupaka grisi ya silikoni kwenye pini. Inasaidia, lakini pakibaki upenyo kidogo tu unyevu utaingia.

Wakubwa nao walijaribu. Mwaka 2020 Intel, pamoja na Cooler Master na EK, walileta vipoza vya prosesa vyenye peltia. Vilikuwa na kitambuzi cha unyevu na programu ya kuzuia baridi isishuke hadi penye umande, na joto la upande wa moto lilitolewa kwa maji na radieta. Mwaka 2023 Intel wakaachana na mradi huo.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Waya wa peltia ukichomoka, usidhani umerudi kwenye hitisinki ya kawaida. Kigae kisicho na umeme kinakuwa kizibo baina ya prosesa na hitisinki, na kompyuta itajizima ndani ya muda mfupi. Ukigeuza waya, nyekundu kwa nyeusi, ndiyo unaipasha prosesa moto. Na usikiwashe kigae kikiwa mkononi "kukijaribu tu": lehemu (solda) ya ndani ya vigae vingi huyeyuka kwenye nyuzi 138, na bila hitisinki hufika huko kwa sekunde chache.

Kabla ya kununua chochote, kagua ulichonacho. Pakua HWiNFO au Core Temp, programu za kupima joto la prosesa, ipe kompyuta kazi nzito dakika 15 na usome. Kwa Tanga, nyuzi 75 hadi 80 chini ya mzigo hazina neno. Ikigusa 95 na kompyuta ikaanza kujivuta, kuna kasoro, na mara nyingi ni vumbi lililoshikana na unyevu likawa kama blanketi baina ya feni na mapezi ya hitisinki. Zima, chomoa, shika feni kwa kidole isizunguke ndipo upulize blowa. Feni ikiachwa izunguke kwa upepo wa blowa, beringi zinakufa.

Ukitaka kubadilisha pesti, ule utomvu unaopitisha joto baina ya prosesa na hitisinki, na prosesa yako ni AMD ya soketi AM4, iwashe kompyuta dakika 10 kwanza pesti ilainike, kisha zima na uzungushe hitisinki kulia na kushoto kabla ya kuinua. Ukiivuta moja kwa moja prosesa inang'oka nayo, na pini zinapinda. Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya asilimia 90 kwenda juu. Ile ya 70 ina maji mengi. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko, katikati, usiisambaze kwa kidole. Kaza skrubu kwa kukingamisha, kona hii kisha ya mkabala, mizunguko miwili miwili. Kwa zile pini nne za plastiki za Intel, geuza mazabodi uhakikishe zote zimetokeza upande wa pili. Pini moja ikiwa haijaingia, hitisinki inainama na pesti haigusi.

Ukiona unga mweupe kwenye mapezi ya alumini, hiyo ni kutu ya chumvi. Brashi ya rangi inatosha ukiwahi. Yakishaanza kutoboka, badilisha. Kasha nalo liwe sentimita 15 kutoka ukutani, mbali na dirisha la upande wa bahari.

Peltia zina kazi zake: visanduku vya kupozea dawa kwenye gari, dispensa ndogo za maji, penye joto dogo na nafasi finyu. Wale vijana wanaobandika vipoza vya sumaku nyuma ya simu wakicheza Free Fire wanatumia hiyohiyo. Wapapase mgongo wa simu baada ya nusu saa. Ukiwa umelowa, kipoza kibanduliwe na simu ifutwe kabla ya kuchomeka chaji.