Sahani tupu zimeota ukungu

Mpwapwa, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Sikupiga simu makusudi; kwa simu tungegombana.

Unasema umeotesha karanga za sokoni kwenye sahani 36, na pembeni ukaweka sahani 5 za kontroo, yaani za kulinganishia: agari tupu, ile rojo iliyoganda ya kuoteshea ukungu, bila karanga. Baada ya siku saba, nne kati ya hizo tano zimeota ukungu. Ripoti inatakiwa baada ya wiki tano, unaogopa sapu, kurudia mtihani, na unaniuliza: ukiziacha hizo tano bila kuzitaja kuna ubaya gani, maana kila mtu anajua karanga zina ukungu?

Kama kila mtu anajua, ulikwenda maabara kufanya nini? Sahani tupu ikiota, huwezi tena kusema ukungu wa zile 36 umetoka kwenye karanga au umeanguka kutoka hewani.

Hili sikukuhadithia. Mwaka 1994, bado mgeni kazini katika maabara ya hospitali, asubuhi moja karibu kila mgonjwa nilimkuta na malaria. Wadudu wawili, wadudu watatu, mimi naandika tu. Saa tano daktari akaja na vyeti mkononi: "Binti, hata huyu aliyeanguka na baiskeli?" Rangi ya Giemsa, tunayopaka damu ili wadudu waonekane kwenye hadubini, ilikuwa imekaa muda mrefu na sikuichuja. Mashapo yake yaliganda juu ya damu, vitone vyeusi vyeusi, nikavihesabu kuwa wadudu. Ningechukua tone la damu yangu mwenyewe, mzima kama nilivyokuwa, nikalipaka rangi ileile, ningeshtuka mapema. Slaidi zote nilizirudia, lakini wengine walishaondoka na klorokwini zao.

Sasa turudi kwako. Uliniambia mlimimina agari alasiri, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Dodoma, mwezi wa tisa, dirisha wazi! Otoklevu, ile sufuria ya mvuke wa shinikizo, kwa nyuzi 121 na dakika 15 inaua vilivyomo ndani ya agari, haina habari na kitakachoingia ukishafunua kifuniko. Spora, yaani mbegu za ukungu, zinasafiri na vumbi. Mimina asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, funga dirisha, kaa karibu na moto wa spiriti, kifuniko kiinue upande mmoja tu kiasi cha kupitisha agari. Halafu sahani zote zikae siku mbili tatu kabla ya kuweka karanga; itakayoota, tupa. Na sahani moja iache wazi mezani robo saa, uone hewa ya chumba chenu ina nini.

Wiki tano zinatosha. Punguza sampuli kutoka 12 hadi 6, sahani tatu kila moja kama ulivyofanya. Msimamizi wako umwambie kesho, si siku ya kukabidhi. Zile za kwanza ziandike kama zilivyo, na sababu unayoishuku.

Jambo jingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Rasimu yako inasema karanga hizo "zina sumukuvu", yaani sumu inayotolewa na ukungu. Umepima wapi? Ulichokiona ni ukungu wa kijani-manjano unaofanana na Aspergillus flavus, na si kila ukungu wa aina hiyo unatoa sumu. Sumu ina kipimo chake. Mwaka 2016 watu walikufa huku kwetu Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, kwa hiyo neno hilo hapa halisomwi kwa wepesi. Kuna mama anasomesha watoto kwa meza ya karanga.

Ila kama sampuli zako zina zile zilizosinyaa, zinazochambuliwa pembeni na kuuzwa bei ya chini kwa kusaga, zitenge uzioteshe peke yake. Hizo ndizo ningependa kuona sahani zake.

Baba yako anauliza kama debe la karanga alilokupa Julai nalo limeingia kwenye utafiti au mmelila. Mjibu mwenyewe.

Mama yako