Vivitar yako ilitengenezwa na nani

Kaka, umeuliza nani hasa alitengeneza hiyo lenzi ya kamera ya Vivitar ya milimita 135 uliyoipata mitumbani soko la Mlango Mmoja, Mwanza, namba 28714205. Vivitar lilikuwa jina la kampuni ya Marekani iliyoagiza lenzi kwa viwanda vya Japani, kwa hiyo jibu limo kwenye namba hiyo iliyozunguka kioo cha mbele. Tarakimu 2 za kwanza ni kiwanda: 22 ni Kino, 28 ni Komine, 37 ni Tokina. Yako ni Komine, na ni kazi nzuri sana. Ya tatu, 7, ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, huenda 1977. Mbili zinazofuata, 14, ni wiki ya mwaka huo. Usitumie hesabu hii kwa lenzi za majina mengine, utapotea.

Kabla hujafurahi, mulika tochi ya simu kwa nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Unyevu wa ziwani huku kwetu unaipenda. Yangu niliifungua mwenyewe kwa bisibisi isiyofaa, nikachubua skrubu na kukwaruza kioo. Mpelekee fundi wa kamera, na uihifadhi kwenye kopo lenye vipakiti vya kukausha unyevu.