Oda niliyoifuta ikaletwa mlangoni: mzigo ni wa nani?

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba uliagiza runinga ya inchi 43 kwenye duka la mtandaoni, ukaifuta oda baada ya kucheleweshwa, ukarudishiwa fedha zako kwa simu, na Jumamosi iliyopita dereva wa bajaji akaileta nyumbani na kumkabidhi binti yako ambaye hakujua lolote kuhusu kufutwa kwa oda hiyo. Unauliza kama sasa ni mali yako. Wachangiaji watatu wamekujibu kwamba hiyo ni riziki, na mmoja ameongeza kwamba kisheria kitu ulicholetewa bila kukiomba huhesabika kuwa zawadi. Nami nilifikwa na jambo hilihili miaka minne iliyopita hapa Dar es Salaam, na nilikaa wiki nzima nikijifariji kwa maneno hayohayo ya zawadi kabla sijajua yametoka wapi.

Mzigo wangu ulikuwa cherehani ya umeme ya shilingi 640,000, niliyomwagizia mke wangu ambaye ana kibanda cha ushonaji Tabata. Duka liliahidi siku tano. Siku ya 18 niliifuta oda, fedha zikarudi baada ya siku nne, na mke wangu akaenda Kariakoo kununua nyingine kwa sababu sare za shule zilikuwa zinamsubiri. Siku tisa baadaye tulirudi kutoka msibani tukakuta boksi sebuleni. Shemeji yangu alikuwa amelipokea na kutia saini, tena akamshukuru aliyelileta.

Nianze na hilo la zawadi, maana ndilo linalowapotosha wengi. Kanuni hiyo ipo kweli, lakini ipo katika nchi nyingine na kwa kusudi jingine. Marekani ilitunga sheria mwaka 1970 kwamba bidhaa iliyotumwa kwa posta kwa mtu asiyeiagiza inaweza kuhesabiwa na mpokeaji kuwa zawadi, na Uingereza ikatunga ya kwake mwaka 1971. Walengwa walikuwa wafanyabiashara waliokuwa wakituma vitu kwa watu ambao hawakuomba chochote, kisha wakafuatisha hati ya madai na barua za vitisho hadi mpokeaji alipe kwa kuchoka. Wewe uliagiza runinga hiyo kwa mkono wako, duka likaiandaa kwa ajili yako, na kosa lao ni kwamba taarifa ya kufuta oda haikumfikia mtu wa ghala kabla mzigo haujapakiwa. Hakuna aliyekutega. Hata Mwingereza au Mmarekani mwenye kesi kama yako angepata shida kuiingiza chini ya sheria hizo, sembuse sisi tulioko Tanzania.

Huku kwetu jibu liko katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 72, na ni la sentensi moja tu: mtu aliyelipwa fedha au kukabidhiwa kitu kwa makosa lazima akirudishe. Kifungu hicho ndicho tunachokitegemea sisi wenyewe tunapokosea namba na kutuma fedha kwa mtu tusiyemjua, na sijawahi kusoma humu mtu akisema kwamba aliyepokea fedha zetu kwa namna hiyo amepata riziki. Aidha, Kanuni ya Adhabu haiishii kwa mtu anayechukua kwa siri. Humgusa pia anayegeuza mali ya mwingine kuwa yake kwa nia ya udanganyifu, ingawa kitu chenyewe kilimfikia mkononi bila kosa lake. Sisemi kwamba polisi watagonga mlango wako kesho. Nasema kwamba ukishajua runinga si yako, kisha ukaitundika ukutani au ukaiuza, umetoka kwenye nafasi ya mtu aliyepokea kwa bahati mbaya na kuingia kwenye nafasi ambayo ni vigumu kuitetea.

Hata hivyo, kurudisha hakukufanyi kuwa mtumishi wa duka, na hapa ndipo wanyoofu wengi wanapoonewa. Nilipopiga simu huduma kwa wateja, dada aliyepokea alinijibu kwa upole kwamba mfumo unaonyesha oda imefutwa na kwa hiyo hakuna mzigo wowote uliotoka. Nilimwambia kwamba nimeuwekea mguu. Akaniomba nisubiri saa 48. Nilipiga mara nne ndani ya wiki mbili, na kila mara nilieleza upya kuanzia mwanzo. Hatimaye alinipigia mtu mwingine, safari hii akiniagiza nikodi usafiri na kuupeleka mzigo ghalani kwao Ubungo kwa gharama yangu, tena kabla ya Ijumaa, kana kwamba mimi ndiye niliyeuchukua.

Nilikataa, kwa heshima. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamwambia mnunuzi mwenye haki ya kukataa bidhaa aliyoletewa kwamba halazimiki kuirudisha kwa muuzaji. Inatosha amjulishe kwamba ameikataa. Ikiwa mnunuzi ambaye mkataba wake bado uko hai ana kinga hiyo, sioni kwa nini mimi niliyekwisha kuufuta nibebeshwe nauli ya kirikuu. Wajibu wangu ulikuwa kuitunza cherehani kwa uangalifu wa kawaida, kutoitumia, na kuwapa nafasi ya kuifuata saa za mchana. Niliwaandikia hayo kwa barua pepe, nikataja siku tatu ambazo kungekuwa na mtu nyumbani. Ujumbe wa maandishi una uzito ambao simu hazina, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kumbukumbu za namna hiyo zinakubalika kuwa ushahidi.

Nikiri jambo moja. Katikati ya wiki hizo mbili nilikaribia kunyamaza. Nilijiambia kwamba nimewajulisha, wao wamekana, basi yaishe. Kilichonirudisha ni simu ya kijana aliyeleta mzigo, ambaye aliitafuta namba yangu kwenye karatasi zake baada ya ghala kuhesabu bidhaa na kukuta upungufu. Hakuwa anauliza kwa niaba ya kampuni. Alikuwa anataka kujua kama atakatwa shilingi 640,000 kwenye malipo yake. Wanaosema duka kubwa halitaumia huenda wanasema kweli kuhusu duka, lakini hesabu ya ghala ikipungua anayeulizwa kwanza ni mlinda stoo na dereva.

Baadaye duka lilitaka kuniuzia cherehani hiyohiyo kwa punguzo la asilimia 15. Hilo ni pendekezo la mkataba mpya, na uko huru kulikubali, kulikataa au kutaja bei yako. Usikubali tu ligeuzwe kuwa deni, yaani waseme kwamba kwa kuwa kitu kiko kwako basi umeshakinunua.

Kama fedha zako zingekuwa hazijarudi, ningekushauri kwa namna nyingine. Hapo usingefungua hata utepe wa boksi, kwa sababu ukianza kutumia bidhaa kama mwenye mali, muuzaji anaweza kudai kwamba umeipokea na kwamba kufuta kwako oda kumekufa. Ungeandika siku hiyohiyo kwamba unasimamia uamuzi wa kufuta na kwamba mzigo uko tayari kuchukuliwa, kisha ungedai fedha zako. Wakikupuuza, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na nakala za ujumbe wote.

Cherehani ilifuatwa siku ya Jumatano na vijana wawili waliotaka kuipakia na kuondoka. Niliwazuia mlangoni hadi mmoja alipoandika kwenye daftari langu jina lake, tarehe, namba iliyobandikwa kwenye boksi na maneno kwamba boksi halijafunguliwa, akatia saini, nami nikapiga picha ukurasa huo wakiwa wanasubiri kwa kununa. Miezi miwili baadaye idara nyingine ya duka lilelile ilinipigia simu kuniuliza nitalipa lini cherehani niliyopelekewa. Nilituma ile picha, na hawakupiga tena.