Maswali Yenu: Kuhara, Kinyonga na Flashi

Msomaji mmoja ametuletea maswali matatu yasiyo na undugu. Tunayajibu kama yalivyokuja.

SWALI: Mtoto alipoharisha nilimtengenezea maji ya chumvi na sukari. Nikaongeza sukari ili ayapende, kuhara kukazidi. Nilikosea wapi?

JIBU: Ni sukari hiyohiyo. Kipimo ni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha kwa kisu, si vya kurundika. Utumbo hufyonza chumvi na sukari kwa pamoja, na maji huzifuata; ndiyo maana maji matupu hayatoshi. Sukari ikizidi, inayobaki tumboni huvuta maji kutoka mwilini, na choo kinazidi kuwa chepesi. Chumvi ikizidi ni hatari zaidi: onja kwanza, na yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya.

Aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Paketi za ORS (chumvi na sukari zilizopimwa tayari) zikipatikana, tumia hizo, maana vipimo vyake ni sahihi. Vijiko vya nyumbani havilingani. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, usikae kukoroga chochote: mpeleke hospitali.

SWALI: Mbona kinyonga akiwekwa juu ya kitambaa chekundu hawi mwekundu?

JIBU: Kwa sababu haigi kitambaa. Rangi yake hufuata joto, mwanga, hofu na ugomvi. Ngozini mna fuwele ndogo mno za kemikali iitwayo guanini. Akitulia, fuwele hizo hukaribiana na kurudisha mwanga wa buluu, ambao ukipita kwenye manjano ya ngozi tunauona kijani. Dume akikabiliana na mwenzake, fuwele huachana na rangi husogea kuelekea manjano na wekundu. Kwa kitambaa chako ulipima woga wake tu.

SWALI: Flashi imeandikwa GB 32, kompyuta inaonyesha 29.8. Nimepunjwa?

JIBU: Hapana. Mtengenezaji huhesabu GB 1 kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu 1,073,741,824. Gawanya baiti 32,000,000,000 kwa hesabu hiyo ya Windows, utapata hiyo 29.8.

Kupunjwa kwenyewe kupo, ila huku kompyuta haikuonyeshi. Flashi bandia hujitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko iliyonayo, hupokea mafaili bila kulalamika, na yale yaliyopita nafasi halisi hayafunguki. Flashi ikiwa mpya, kabla hujaweka chochote cha maana, ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizi huijaza data hadi mwisho, kisha huisoma tena na kulinganisha. Kwa flashi kubwa jaribio linaweza kuchukua saa kadhaa. Liache limalize, maana udanganyifu huanzia pale nafasi halisi inapokwisha.